Kilimia chao, Kilimia chetu: serikali ya Nyuzilandi inavyowalipa Wamaori kutafiti elimu ya mababu zao

Mpare wa Ughaibuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za masiku. Huu uzi niliuahidi tangu ule mjadala wetu wa waganga wa jadi na maprofesa, nikabanwa na kazi. Leo niko zamu ya usiku maabara, mashine inazunguka yenyewe, nina saa nne za kukaa bure. Vuteni viti.

Wazee wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kishada kidogo cha nyota ambacho mkulima alikitazama kabla ya kushika jembe. Huku niliko, Nyuzilandi, kishada hichohicho kinaitwa Matariki. Kikichomoza alfajiri katikati ya baridi, Juni au Julai, ndio mwaka mpya wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii. Tangu 2022 ni sikukuu ya taifa, ofisi zinafungwa.

Mtu aliyefanya kazi kubwa nyuma ya sikukuu hiyo ni Rangi Mātāmua, profesa wa kabila la Tūhoe. Babu yake alimkabidhi daftari la kurasa 400 lililoanza kuandikwa 1898 na wazee wa ukoo wao, lenye majina ya nyota karibu 1,000. Lilikuwa kabatini. Kabatini, wakuu, kwenye nyumba ya kawaida kabisa. Baadaye Mfuko wa Marsden, ambao ni pesa ya serikali ya utafiti tangu 1994, ukalipia utafiti wa elimu hiyo ya nyota akiwa kwenye timu. Akaja kuwa Mmaori wa kwanza kupata mojawapo ya Tuzo za Sayansi za Waziri Mkuu, ile ya kuelimisha umma. Sasa watoto wa shule wanazitaja zile nyota tisa kwa majina.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: serikali inamlipaje mtu atafiti kitu ambacho ni cha ukoo wake?

Niwape mfumo kwa ufupi, maana ofisi zao zina majina marefu kuliko foleni ya Kimara. Mwaka 2005 serikali ilipitisha sera inayoitwa Vision Mātauranga. Mātauranga ni elimu, maarifa, ujuzi uliorithiwa. Sera inasema pesa ya utafiti ya umma ichochee elimu, rasilimali na watu wa Kimaori kwenye mambo manne: ubunifu wa kiuchumi, mazingira, afya, na elimu yenyewe ya asili. Chini yake ukazaliwa mfuko wa Te Pūnaha Hihiko, uliokuwa na kama dola milioni 4 za huku kwa mwaka. Mfuko huo ulifanya kitu kimoja ambacho mimi nakipenda: uliweza kumlipa mwanasayansi akakae kwenye taasisi ya ukoo, au kijana wa ukoo akakae kwenye taasisi ya sayansi, ajifunze kazi kwa kuishi nayo.

Halafu kuna feloshipu zenyewe, mtafiti analipwa miaka kadhaa afanye utafiti bila kuhangaika na mshahara. Zilikuwepo za Rutherford tangu 2010, kumi kila mwaka, dola 800,000 kwa miaka mitano kila moja. Hizo zilikuwa za kila mtu. Mwaka 2021, baada ya korona, zikatolewa 30 za Whitinga kwa watafiti wachanga. Kisha zikaja Ngā Puanga Pūtaiao, zilizolengwa hasa kwa watafiti wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki ambao bado wanapanda. Puanga ni nyota, wanaanga wanaiita Rigel. Makabila ya magharibi yanafungua mwaka kwa hiyo badala ya Matariki. Mwaka 2024 zile za Rutherford zikabadilishwa kuwa Tāwhia te Mana, zenye ngazi tatu, mtafiti mchanga, wa kati na mkongwe. Nyingi ya hizi zinasimamiwa na Royal Society Te Apārangi, chama cha wanasayansi cha tangu 1867.

Sasa kisa. Mara ya kwanza kupelekwa marae, uwanja wa ukoo wenye nyumba ya mikutano, tulivua viatu mlangoni, tukagusana pua na wenyeji mmoja mmoja, nikaambiwa nijitambulishe. Hapo huanzi na jina. Unaanza na mlima wako, unafuata mto, unafuata mtumbwi waliokuja nao mababu, halafu ukoo. Jina linakuja mkiani. Nikasema mlima wangu Shengena, mto wangu Pangani, mtumbwi sina, sisi tulitembea. Bibi mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Wiki ileile nilikuwa namsaidia mwenzangu wa Kimaori kujaza fomu ya feloshipu. Kisanduku cha kwanza kabisa: jina la mwombaji. Ukoo ulikuwa ukurasa wa tisa, chini ya "wadau wengine". Aliitazama ile fomu kwa muda, akaenda kuchemsha maji.

Huo ndio ugomvi wangu na feloshipu zote hizi, hata zilizo nzuri: zinamlipa mtu mmoja kwa kitu ambacho si chake peke yake. Karibuni.

Kijana wa Kilifi

Nimeweka mkeka mapema. Endelea bro.

Hoja Nzito

Mleta uzi unaandika vizuri, ila acha nikuchafulie mkeka. Sayansi ni moja. Maji yanaganda kwa kipimo kilekile Same na huko kwenu. Ukisema kuna sayansi ya Wamaori, kesho kutakuwa na sayansi ya Wagogo. Elimu ya mababu iheshimiwe, iwekwe makumbusho, lakini mfuko wa sayansi ulipie sayansi. Nilisikia hata maprofesa wa huko walilalamika.

Mpare wa Ughaibuni

Walilalamika kweli. Julai 2021 maprofesa saba wa Chuo Kikuu cha Auckland waliandika barua kwenye jarida la Listener. Kilichowakera ni pendekezo la kuipa mātauranga hadhi sawa kwenye mtaala wa sekondari. Wakasema ina thamani yake lakini si sayansi. Nchi ikawaka. Malalamiko yakafunguliwa Royal Society dhidi ya waliokuwa wanachama wake; mwaka 2022 chama kikaamua kutoendelea na uchunguzi, lakini wawili, Robert Nola na Garth Cooper, wakajiuzulu uanachama. Na huyu Cooper ni Mmaori mwenyewe, bingwa wa kisukari. Kwa hiyo msifikiri ni weusi huku weupe kule.

Hoja yako naikubali nusu. Mtu akiniambia mungu wa bahari ndiye anayeleta wimbi, sitaliandika kama matokeo ya maabara. Lakini hebu nikupe kisa cha ghuba ya Ōhiwa halafu uniambie pa kuchora mstari.

Ōhiwa iko pwani ya mashariki ya kisiwa cha kaskazini. Ilikuwa imejaa kome. Mwaka 2007 walihesabiwa kama milioni 112. Mwaka 2019 walikuwa chini ya 80,000. Huku viti vya pweza (wa huku wana mikono kama kumi na mmoja) wamefumuka kwa mamia ya maelfu, wanakula kome wachanga chini kabla hawajakua. Profesa Kura Paul-Burke, mtu wa Ngāti Awa, mzamiaji, alikuwa akifuatilia ghuba hiyo miaka mingi pamoja na koo zenye ghuba. Dawa inayojulikana viwandani ni kutundika kamba ili kome wachanga washike juu, mbali na adui. Tatizo kamba zile ni za plastiki, zinachakaa na kumwaga uchafu baharini.

Wazee wakakumbusha kwamba mababu walikuwa na kamba za kome, taura kuku, zilizosukwa kwa majani. Wasusi wakaitwa. Wakajaribu malighafi mbalimbali, tī kōuka ikafaa sana. Ni mti wenye majani marefu kama upanga. Ukiyaona yamekauka utadhani ukili wa mkeka wa Pemba. Kamba zikatundikwa kwenye maboya. Kome wakashika, wakakua, kamba ikaoza taratibu kama ilivyotakiwa, kome wakadondoka chini wakiwa wakubwa wa kutosha kujitetea.

Sasa msusi aliyejua jani gani livunwe, likaushwe siku ngapi, lisukwe mara ngapi, huyo ni sayansi au makumbusho?

Kijana wa Kilifi

Subiri. Kamba ya KUKU?? Baharini??

Mpare wa Ughaibuni

Hahaha nilijua utauliza. Kwa Kimaori kuku ni kome. Na tuna ni mkunga wa mtoni. Wiki ya kwanza niliona tangazo la kijiji limeandikwa "tuna" kwa herufi kubwa nikadhani sentensi haijaisha. Tuna nini sasa?

Hoja Nzito

Kisa kizuri, nakubali. Lakini angalia ulichosimulia: walihesabu kome, walijaribu malighafi tofauti, wakapima ipi inafaa. Hiyo ni sayansi. Wazo lilitoka kwa wazee, mwenye kuthibitisha ni kipimo. Sijaona pa kubadili msimamo wangu.

Mpare wa Ughaibuni

Kuthibitisha sawa. Ila miaka yote hiyo wenye vipimo hawakuja na wazo la tī kōuka, na si kwa sababu walikuwa wajinga. Hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Au hata wangekuwa naye, asingewajibu. Pesa ya serikali ilinunua hiyo: mtafiti ambaye wazee wanamjibu.

Na kuna upande wa pili usioutaja. Miti ya kauri inakufa kwa ugonjwa wa mizizi unaosafirishwa na udongo kwenye viatu vya watalii. Desemba 2017 ukoo wa Te Kawerau ā Maki ukaweka rāhui, mwiko wa kuingia, kwenye msitu wa Waitākere karibu na Auckland. Halmashauri ya jiji ikasitasita, ikaja kufunga msitu Mei 2018. Miezi mitano viatu vinatembea. Waliosema "tusubiri kipimo" na waliosema "tufunge kwanza" walikuwa wanatazama mti uleule.

Mama Kisamvu

Mimi ni muuguzi Morogoro, nasoma kimyakimya miaka yote, leo nimeshindwa. Kijijini kwa mama yangu walikuja watu wa utafiti zamani, wakakaa na bibi yetu siku tatu. Aliwaonyesha majani ya homa ya watoto, ya kufunga damu, mpaka ya ng'ombe. Walimpa kanga na kilo mbili za sukari. Hawakurudi. Bibi alikufa akiuliza, "Wale wanangu wa madaftari walifika salama?" Sasa mleta uzi, hao Wamaori kama wanalipwa na serikali, je matokeo ni ya nani? Ya serikali, ya chuo au ya bibi?

Mpare wa Ughaibuni

Shikamoo mama. Hilo swali ndilo lililowafanya wafungue dai.

Mwaka 1991 watu kutoka makabila sita walifungua dai mbele ya Baraza la Waitangi, lile linalosikiliza malalamiko ya kuvunjwa kwa Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya Waingereza na machifu wa Kimaori. Dai linaitwa kwa namba yake tu, Wai 262. Walikuwa wanauliza: nani mwenye mimea, wanyama, michoro, dawa na maarifa yetu? Ripoti ilitoka 2011. Miaka ishirini! Katika waliofungua dai, alikuwa amebaki hai mmoja tu. Baraza lilisema sheria za hakimiliki na hataza zimejengwa kumlinda mtu mmoja au kampuni, tena kwa muda maalumu. Mlinzi wa elimu ya ukoo hana pa kuingia. Mlinzi wanamwita kaitiaki. Mapendekezo mengi mpaka leo yako mezani.

Kwa hiyo jibu fupi: kisheria bado hakijaeleweka vizuri. Kwa vitendo, feloshipu inayosimamiwa vizuri inaweka makubaliano kabla ya kazi: ukoo ndio unaleta swali, wazee wanalipwa kama wataalamu wengine wanavyolipwa (sio sukari, mama), na kuna vitu vinabaki bila kuchapishwa kabisa. Yule mwenzangu wa fomu, wazee wake walimwambia hiki andika, hiki andika nusu, hiki kaa nacho. Mkaguzi akamrudishia fomu akiuliza kwa nini matokeo mengine hayatawekwa wazi. Alilia chooni, siwadanganyi. Hata vinasaba na takwimu sasa wanasema ni taonga, yaani hazina ya urithi, na wana mtandao wao unaopigania data za Wamaori zitawaliwe na Wamaori.

Fundi Takwimu

Nyama iko kwenye namba. Wamaori ni asilimia ngapi ya watu, na asilimia ngapi ya wahadhiri?

Mpare wa Ughaibuni

Sensa ya 2023: karibu 887,000, kama asilimia 17.8. Kwenye vyuo vikuu, utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta wahadhiri Wamaori ni kama asilimia 5, na hiyo namba ilikuwa imeganda miaka kadhaa mfululizo.

Na walianza mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijiwekea lengo la Wamaori 500 wenye shahada ya uzamivu au walioianza, ndani ya miaka mitano. Watu wakacheka. Kituo cha Ngā Pae o te Māramatanga kikaanzishwa 2002, wanafunzi wakawa wanakutanishwa na wasimamizi wao, kambi za kuandika, chakula cha pamoja, na lengo likafikiwa. Hii inanionyesha kitu: wale 500 hawakupatikana kwa kumpa kila mmoja hundi na kumwacha. Walipatikana kwa kuwaweka pamoja.

Lakini akishaajiriwa ndio shughuli. Idara nzima ina Mmaori mmoja. Kikao kikianza afungue kwa dua. Mgeni akija yeye ampokee. Kila anayeandika ombi la pesa anamtumia barua saa tano usiku: "naomba unisaidie sehemu ya Vision Mātauranga, mwisho kesho." Wenyewe wanaita zamu mbili. Feloshipu inamkomboa kwenye kufundisha, haimkomboi kwenye hayo.

Mtafuta Nauli

Mkuu mambo ya kome nimeelewa. Sisi Wabongo tunaweza kuomba?

Mpare wa Ughaibuni

Nilikuwa nakusubiri, uzi hauwezi kukamilika bila wewe. Ngā Puanga si yako, hata ukipaka rangi. Ila jua hili: mwanafunzi wa uzamivu kutoka nje analipa ada sawa na mwenyeji huku. Ni sera ya miaka mingi. Tafuta msimamizi kwanza, muandikie kwa jina lake, soma kazi zake. Usitume "Dear Sir" kwa watu arobaini kwa mpigo.

Hoja Nzito

Turudi kwenye pesa. Nimesoma kwamba serikali mpya huko imefyeka. Na mimi nawaunga mkono, kodi ya mtu ilete mkate.

Mpare wa Ughaibuni

Desemba 2024 waziri wa sayansi wa wakati huo, Judith Collins, alitangaza kwamba Mfuko wa Marsden hautalipia tena utafiti wa historia, lugha, fasihi na sayansi za jamii, na kwamba karibu nusu ya ruzuku ziende kwenye miradi yenye faida ya kiuchumi. Watafiti wengi wa Kimaori wako hukohuko kwenye lugha, historia na jamii. Hawakutajwa kwa jina ila kisu kilipita hapo. Kabla ya hapo mpango mkubwa wa kurekebisha mfumo wa sayansi, Te Ara Paerangi, ambao ulitaka kuipa mātauranga nafasi ndani ya mfumo mzima, ulishatupwa. Zile Changamoto za Kitaifa za Sayansi 11, ikiwemo ya bahari iliyobeba kazi kama ile ya Ōhiwa, muda wake uliisha Juni 2024. Januari 2025 wizara akapewa Shane Reti, daktari, Mmaori. Kwa hiyo siasa zao nazo hazina mstari mnyoofu.

Mkate unaoudai, ndugu yangu: hiyo sikukuu ya Matariki inaleta biashara katikati ya baridi. Nyuma yake kuna daftari la kabatini, na utafiti ambao leo ukipeleka ombi lake Marsden, watakuuliza kwanza utauza nini.

Ila sitaki kuwapamba. Kuna wanaojaza sehemu ya Vision Mātauranga kwa maneno matatu ya Kimaori na picha ya marae, pesa ikitoka wazee hawawaoni tena. Mimi nimekaa kwenye mkutano ambapo mtu alisoma jina la ukoo anaodai kushirikiana nao akalikosea mara mbili. Mzee wa ukoo huo alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema kitu. Alichukua kofia yake akatoka.

Mama Kisamvu

Kumbe sukari ya kilo mbili ipo kila nchi.

Mpemba Asiyekunja Tanga

Assalaam alaykum. Nimefika mwishoni lakini hili la daftari limenishika. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Wete. Alikuwa akihesabu mwaka kwa miongo, siku kumikumi tangu Nairuzi: mwongo huu kaskazi inakata, mwongo huu usitoke, mwongo huu samaki fulani yuko kina fulani. Kilimia kimo pia, na nyota nyengine ambazo majina yake sijayasikia kwa mtu. Yote kayaandika kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari la duka, jalada lishaliwa na mende. Niko nalo hapa. Nipige picha kurasa niziweke kwenye uzi watu wafaidike?

Kijana wa Kilifi

WEKA WEKA WEKA

Mtafuta Nauli

Tupia mkuu hata kurasa mbili.

Mpare wa Ughaibuni

Waalaykum salaam. Ngoja kwanza ndugu. Piga picha zote leo, kurasa zote, mchana kwenye mwanga, maana mende hawasubiri. Zihifadhi sehemu mbili. Lakini hapa usiweke bado. Babu alikuwa na watoto wangapi hai?

Mpemba Asiyekunja Tanga

Wawili. Baba na shangazi. Baba hana neno. Shangazi ndiye aliyelitunza daftari miaka yote, mimi nimeliazima tu.

Mpare wa Ughaibuni

Basi mpigie shangazi.

Mpemba Asiyekunja Tanga

Nimempigia. Kaniuliza hao watu wa kwenye simu ni kina nani na wana ukoo gani. Nimemwambia siwajui. Kasema nilirejeshe daftari Ijumaa, na nikija nikae nalo mbele yake nimsomee, kwani macho yake hayaoni tena na kuna kurasa babu alimwambia ni zake yeye. Hizo sizisomi kwenu. Nyengine atanambia.